Bahasha Tatu Nyeupe

Mtaa wa Jackson, San Francisco
Machi 9, 1986

Bi Halloran,

Niwie radhi kwa kukaa kimya mwezi mzima. Najua umeniandikia mara tatu, na mtu anayeandika mara tatu bila kujibiwa humwona mwenzake ama mvivu ama mwenye kiburi. Mimi nilikuwa nimejifungua. Mtoto wa kike, tarehe sita Februari. Barua zako zote tatu nimezipata jana, kwa pamoja, saa kumi jioni.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku thelathini. Hatoki, haoshi nywele, hagusi maji baridi, halii, wala hasomi, maana macho yake bado mabichi. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, anaishika mila hii kama askari wa zamu. Madirisha aliyaziba kwa magazeti ili upepo usinipige. Nimekula miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki nyeusi mpaka jasho langu linanuka siki. Na sanduku la barua liko chini, kwenye kibaraza, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Sasa bahasha za kampuni yenu ya vitabu ni nyeupe, ndefu, zenye mstari wa buluu. Hizo kwetu ni rangi za msiba. Baba yangu yuko Hong Kong, anaumwa mapafu. Mama mkwe hajui Kiingereza, lakini aliona jina langu limepigwa kwa mashine, akasema moyoni kwamba wanaoandika kwa mashine ni watu wa ofisi, na ofisi haikuandikii kwa heri. Bahasha ya kwanza akaificha chini ya pipa la mchele, nisije nikalia. Ya pili ilipokuja akawa na hakika baba amekufa. Ya tatu, akajua ameshazikwa. Mwezi mzima amekuwa akininywesha supu huku akinitazama kwa huruma nisiyoielewa. Nilidhani mimi ndiye ninayekufa.

Jana mtoto katimiza mwezi. Tumepaka mayai rangi nyekundu, tumempa jina, majirani wamekuja wamekula. Walipoondoka, mama mkwe akaniambia, "Yuk-Lan, kaa. Wewe ni mama wa mtu sasa, jikaze." Akaniwekea mapajani bahasha tatu, kitambaa cha kufutia machozi, na pipi moja. Hiyo pipi ndiyo wanayopewa watu wakitoka mazikoni, waondoe uchungu mdomoni.

"Nani amekufa, Mama?"

"Soma. Mimi kusoma sijui, ila rangi naijua."

Nikasoma ya kwanza, nikacheka mpaka mtoto akaamka. "Hakuna aliyekufa! Ni kazi, Mama, ni kile kitabu!"

Akanichapa kofi la bega. "Nimemchomea baba yako ubani mwezi mzima! Pakiti tatu! Mtu mzima yuko hai anavuta sigara huko, na mimi nalia jikoni!"

Kisha nikasoma ya pili na ya tatu, nikaimenya ile pipi nikaila. Maana kumbe kuna aliyekufa. Umemwua Wing-Kei.

Nilikuuzia hadithi ya Sau-Han, msichana wa miaka kumi na sita, na Wing-Kei wa duka la samaki la mjomba wake, asiyejua kusema "nakupenda" lakini kila Jumapili hummenyea Sau-Han kamba wote walio mezani, na yeye akabaki na vichwa vyao. Wewe unasema mpenzi wake sasa ni Todd, bingwa wa tenisi, na mama yake Sau-Han anamfungia chumbani, na Todd anapanda ngazi ya moto, ile ya chuma iliyo nje ya ukuta, kumwokoa. Na nisipojibu kufikia Machi mosi nimekubali.

Sijakubali. Nimesoma vitabu vya aina hii tangu nina miaka kumi na mbili. Msichana wa Kichina humo ndani ni yule anayemwazima shujaa daftari la hesabu, kisha haonekani tena. Mimi nimeandika ili akae mpaka ukurasa wa mwisho, na apendwe na mtu anayemjua.

Nirudishie Wing-Kei na sura ya tisa kama nilivyoiandika. Mimi sina nakala. Ile ya kaboni mama mkwe alizibia dirisha pamoja na magazeti, umande umeila.

Wako,
Yuk-Lan Szeto

*

New York
Machi 15, 1986

Yuk-Lan mpendwa,

Hongera, hongera! Mtoto wa kike! Na pole kwa baba ambaye hakufa. Nimecheka, kisha nimeona aibu kwa bahasha zetu.

Lakini nami nina kalenda. Ulipokaa kimya nilichukulia umeridhia, na mswada umeshakwenda kwa mpiga chapa. Wasichana wa Ohio na Nebraska ndio wanaotulisha, na wanataka kijana wa kumwota. Wing-Kei hajafa, usiseme hivyo. Nimemfanya binamu yake Sau-Han. Ni mcheshi, anawaletea samaki. Niamini, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa: kumenya kamba si mapenzi, ni mapishi.

Sasa sikiliza. Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye kikao, na wakaniomba niisome tena. Madirisha yaliyozibwa! Barua chini ya pipa la mchele! Hicho ndicho kitabu kilichokuwa kinakosa. Nimeiandika mwenyewe kwenye sura ya tisa: mama yake Sau-Han anazificha barua tatu za Todd. Ni kisa chako, kimetoka kinywani mwako, kwa hiyo hakuna atakayesema tumewasingizia.

Kurasa zilizopangwa tayari kuchapwa nimezifunga humu. Zikague makosa madogo tu, unirudishie kabla ya Aprili 10.

Kwa upendo,
Ruth Halloran

*

San Francisco
Machi 22, 1986

Bi Halloran,

Kurasa zimefika. Sijazisoma zote. Nasoma nimesimama, mtoto begani, mistari minne, kisha anatapika.

Nilidhani nimetoka. Siku mbili baada ya mayai nikashikwa na kikohozi, na mama mkwe akasema ni upepo wa ngazini, nilitoka mapema, kwa hiyo mwezi unaongezwa. Siku thelathini zaidi. Mume wangu Bing-Sun ni mpishi, anaondoka asubuhi anarudi hoi. Nikimwambia azungumze na mama yake anasema, "Siku thelathini tu, mke wangu, zitapita." Kwake zitapita. Yeye anapishana nazo barabarani.

Jambo moja sikukwambia barua iliyopita. Siku ya kumi na moja nilivaa koti, nikaenda mlangoni. Sikuwa na pa kwenda, nilitaka kusimama mahali pasiponuka tangawizi. Mama mkwe akasimama mlangoni, kimo chake hakifiki bega langu, akaweka mikono kwenye miimo miwili. Hakunigusa. Akasema, "Utapita juu yangu." Nikarudi, nikaingia kabatini kwenye nguo, nikalia humo ili asinione nikilia.

Basi pengine wewe ndiye unayeona vizuri, ukiwa mbali. Andika. Weka na kufuli. Na Wing-Kei mwache awe binamu. Kijana asiyesema hana wa kumtetea, na mimi nimechoka.

Yuk-Lan

*

New York
Machi 28, 1986

Yuk-Lan mpendwa,

Asante. Najua haikuwa rahisi, na nakuona jasiri sana.

Nakuletea picha ya jalada. Msichana dirishani, mikono kwenye kioo. Chini barabarani Todd anatazama juu, nywele zake zinang'aa kwa taa. Kila mtu hapa ofisini ameipenda. Mchoraji aliniuliza macho ya msichana yaweje, nikamwambia yawe ya huzuni.

Nimebakiwa na mahitaji mawili: zile kurasa, na mstari mmoja wa kumtabarukia mtu kitabu. Ungependa kiwe cha nani? Wengi huandika "kwa mama."

Ruth

*

San Francisco
Aprili 5, 1986

Bi Halloran,

Yale niliyoandika Machi 22 nayafuta. Usinikasirikie kabla hujasoma mpaka chini.

Juzi nilikuwa mezani na kurasa zako. Mama mkwe akaja na maharage mabichi ya kuchambua, akakaa mbele yangu. "Soma kwa sauti," akasema, "macho yachoke nusu."

"Ni Kiingereza, Mama."

"Basi geuza. Una ulimi mmoja?"

Nikageuza. Tukafika pale Sau-Han anapofungiwa.

"Kwa kosa gani?"

"Anampenda mvulana."

"Haya. Mama kampelekea nini?"

"Vipi, Mama?"

"Chakula! Mtoto ana siku mbili chumbani. Kampelekea nini?"

"Haikuandikwa."

"Hata uji? Huyo si mama, huyo ni mwenye nyumba."

Nikacheka. Todd akaanza kupanda ngazi ya moto. Mama mkwe akauliza ni mwezi gani. Nikamwambia Desemba.

"Amemletea koti?"

"Amemletea ua."

"Ua! Mtoto wa watu atavaa ua? Mrudishe huyo mvulana kwao akafundwe."

Nilikuwa nacheka bado, na kwa kuchoka mdomo ukatangulia akili, nikaingia sura ya tisa. Niliposema "pipa la mchele" mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Anazificha kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkatili."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Umeandika wewe?"

Ningesema ni wewe, Bi Halloran, lakini nilikuwa nimekuruhusu kwa mkono wangu.

Akaokota haragwe moja, akalivunja. "Na pipi?"

"Hakuna pipi, Mama."

Akamaliza kuchambua maharage yote, hata yale mabovu, akaondoka nayo. Asubuhi nikakuta ufunguo wa sanduku la barua ndani ya kikombe changu cha chai. Mlango wa nje uko wazi, upepo unapita mpaka jikoni. Nikamwambia, "Mama, funga, mtoto ataumwa."

"Funga wewe. Mimi nikifunga nitaandikwa."

Nikashuka ngazi. Karibu siku sitini nimeililia ile barabara, na nilipofika chini nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Hakuna aliyenizuia na sikuweza kwenda hata hatua moja. Nikarudi juu.

Sasa sikia ninavyotaka. Kurasa nimezifunga humu. Todd nimemfuta kwa kalamu nyekundu kila alipo, mara mia moja na kumi na moja, nimehesabu nikinyonyesha. Wing-Kei arudi mahali pake. Sura ya tisa ichukuliwe kwenye mswada wangu ulio kwako, na nyongeza niliyoiandika nyuma ya kurasa hizi.

Mlango ufungwe, ndiyo. Mimi nilifungiwa na sitasema sikufungiwa. Barua zifichwe. Sau-Han apige mlango, amwite mama yake majina mabaya yote anayoyajua. Lakini mama yake awe ameketi upande wa pili wa mlango huo, na bakuli la supu mapajani linapoa, kwa sababu anaamini hizo barua zina kifo ndani. Hivyo ndivyo tunavyofungiwa kwetu, Bi Halloran. Anayekufungia naye hatoki. Ukimwondoa pale mlangoni ukabakiza kufuli peke yake, umeandika juu ya watu usiowajua.

Na Wing-Kei asipande ngazi ya moto. Apite mlangoni, amwamkie mama, akae mezani, amenye kamba mmoja mmoja aweke kwenye bakuli la Sau-Han, na mama aone. Basi. Msichana wa mtaa huu akisoma hapo atafunga kitabu kidogo apumue. Wa Ohio naye ana macho, ataona. Tumewasoma wao miaka yote na hakuna aliyetumenyea maneno.

Kama haiwezekani, toa jina langu. Todd aandikwe na watu wa Todd. Jina langu binti yangu atalisoma siku moja, na bibi yake atakuwa ameketi pembeni akimwambia, "Geuza."

Yuk-Lan Szeto

*

New York
Aprili 11, 1986

Yuk-Lan,

Nilikukasirikia. Nilisoma mpaka chini, nikakukasirikia zaidi, kisha nikazichukua zile kurasa nyumbani. Binti yangu ana miaka kumi na mitano na hasomi chochote nilichokihariri. Alisoma ile meza ya kamba akiwa amesimama karibu na jokofu. Akaniuliza, "Mama, wewe kuna mtu amewahi kukumenyea kitu?"

Nimempigia mpiga chapa. Wing-Kei amerudi. Sura ya tisa ni yako, pamoja na supu. Nimegombana na watu wawili ambao nitaendelea kupishana nao ngazini kila siku.

Ila jalada siwezi. Limeshachapwa, nakala zote. Kitabu hakina tena kijana mwenye nywele za dhahabu hata ukurasa mmoja, na bado amesimama pale nje anatazama juu. Wakichapa mara ya pili nitajaribu tena. Sikuahidi.

Na mstari wa kutabarukia bado hujaniletea.

Ruth

*

San Francisco
Aprili 17, 1986

Bi Halloran,

Barua yako niliisoma ngazini, na nikaigeuzia Kikantoni jikoni. Mama mkwe alisikiliza amenipa mgongo. Nilipofika kwenye supu akauliza, "Supu ya nini?" Nikamwambia hatukuandika. Akasema iwe ya kuku na tende nyekundu, vinginevyo watu watadhani ni maji moto. Naomba iongezwe kama bado kuna nafasi.

Picha ya jalada aliitazama sana. Alidhani yule kijana ni fundi wa taa za barabarani. Nilipomweleza akasema karatasi nyekundu za sherehe ya mtoto zimebaki nyingi, vitabu vikija atavivalisha kimoja kimoja kama daftari za shule, na vya maktaba ya mtaa huu atavivalisha pia, nani atamzuia. Sitakudanganya kwamba uchungu wa hilo jalada umenipita. Wasichana watakaokiona dukani hawatakuwa na mama mkwe wangu wa kukivalisha. Watamwona yule akiwa barabarani na sisi tukiwa nyuma ya kioo, na wengi wataishia hapo. Nimelimeza hilo, halijashuka.

Mwezi umekwisha, hata ule wa nyongeza. Jana nilienda sokoni na mtoto mgongoni. Ufunguo wa sanduku nilimrudishia mama mkwe. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akautia kwenye mfuko wa aproni akijifanya anatafuta leso.

Ninavyohitaji bado ni hivi. Mswada wangu wa kwanza wote, kurasa mia moja na themanini na nne, maana dirishani hakuna kilichosalia. Nakala ishirini za kitabu, si kumi kama ilivyo kwenye mkataba. Karatasi yenye sahihi yako kwamba wakichapa tena jalada litajadiliwa, hata kama hukuahidi. Mstari wa kutabarukia uandikwe hivi: "Kwa Lee Bik-Wan, aliyeweka pipi." Barua fupi kwa mama mkwe, huyo Lee Bik-Wan, jina lake juu na si langu, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo na hajawahi kupata barua hapa Marekani, useme chochote, nitageuza. Vyote vitiwe kwenye bahasha ya rangi yoyote mliyonayo huko, na mkikosa fungeni kwa gazeti, ila nyeupe hapana.

Na pipi moja. Ya lile jalada.

Yuk-Lan Szeto